Kabati la mninga: naweza kulikoza rangi bila kukwangua vanishi?

Mgeni_Tabata: Wakuu, nina kabati la mninga la rangi ya asali. Nataka liwe kahawia iliyokolea lifanane na meza. Vanishi bado nzima, haijabanduka. Nipake steini (rangi ya kukoza mbao) juu yake, au lazima nikwangue mpaka mbao?

Msasa220: Steini ya kawaida hunywewa na mbao. Juu ya vanishi haina pa kuingia, itabaki inanata na kufutika. Ila usikwangue. Kwanza chovya pamba kwenye tina ya laka (kimiminika cha kuyeyusha laka, aina ya vanishi inayokauka haraka), gusa nyuma ya kabati. Pakiyeyuka na kunata ni laka; pakikunjamana ni vanishi ya mafuta; pasipobadilika, huenda ni polyurethane, vanishi ngumu ya plastiki.

Futa nta na mafuta ya jikoni kwa white spirit (kimiminika cha kuyeyusha rangi ya mafuta), kisha piga msasa namba 220 kufuata nyuzi mpaka mng'ao ufe. Kwenye kona pitisha mkono mwepesi sana: ukitoboa hadi mbao, pale patakuwa na doa ambalo halifichiki.

Keko_Fundi: Naongezea rangi yenyewe. Chukua vanishi ya mafuta, changanya na steini ya mafuta isiyozidi mililita 100 kwa lita. Ukizidisha haikauki vizuri. Paka koti mbili au tatu nyembamba, kila moja ilale usiku kucha. Koti nene la brashi huacha michirizi, na kila brashi inapopandana panakuwa peusi zaidi. Kwa hiyo fungua bawaba, laza milango, maliza mlango mzima ndipo uhamie mwingine. Usisimame katikati kupokea simu.

Koti la mwisho liwe vanishi tupu. Bila hilo, mkwaruzo mdogo tu unaondoka na rangi.

Usikoze mpaka karibu na nyeusi, mkuu. Uzuri wa mninga ni nyuzi zake. Jaribu ndani ya mlango, uangalie mchana na usiku chini ya taa.

Mgeni_Tabata: Nimejaribu pamba, pamenata.

Keko_Fundi: Basi ni laka. Baki na laka: weka rangi ya laka kidogo ndani yake, upulize kwa bunduki ya rangi, maana brashi itayeyusha koti la chini. Masika haya usipulize mvua ikinyesha. Tina ikikauka inapoza uso wa mbao, unyevu unaganda humo na laka inakuwa nyeupe kama ukungu. Subiri siku kavu, saa nne hadi saa tisa mchana. Ikishapauka, pulizia tina inayokauka polepole, kidogo tu, mara nyingi inarudi.

Msasa220: Na yeyote atakayetumia steini ya mafuta: matambara yaanike nje yakiwa yametandazwa. Yakirundikwa yanapata joto yenyewe na kuwaka moto.