Natunga hadithi ya marehemu anayerudishwa kwenye maamuzi yake: nimruhusu ayabadilishe?

MwanaKibokoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Natunga hadithi ya kuchagua, msomaji anabonyeza njia aitakayo. Natumia Twine, ile programu ya bure aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009. Mhusika ni muuza nguo wa Marikiti, soko la hapa Mombasa. Anafariki, kisha anapitishwa tena pale alipopotoka, hasa kwenye amana ya jirani mjane aliyoila.

Chanzo ni maziko ya babu, makaburini Kikowani. Ami akasimama kutangaza kama ada: "Anayemdai marehemu ajitokeze, sisi tupo." Nyuma kabisa mzee mmoja akainua mkono hadi kifuani, mkono usio na kidole gumba. Akaushusha. Akachota mchanga akatia kaburini kama wenzake, akaondoka.

Nikimruhusu marehemu arekebishe, moyo wangu unakataa. Nisipomruhusu, msomaji atachagua nini?

Msomi_Majengo
Waaleikum salaam. Moyo wako haukukosea. Soma Suratul Muuminun, aya ya 99 na 100: aliyefikwa na mauti anaomba arudishwe akatende mema aliyoyaacha, anakataliwa, na barzakhi, yaani kizuizi kati ya wafu na dunia, imewekwa mpaka siku ya kufufuliwa. Deni likilipika kaburini, nani atahangaika kulilipa akiwa hai?

FundiTudor
Kaka, usiache kila chaguo lizae tawi lake. Machaguo kumi ya njia mbili mbili yanakupa miisho 1,024, hutamaliza. Yakutanishe matawi, halafu tumia kigeu (nafasi ambamo programu huhifadhi thamani inayobadilika) kuweka kumbukumbu ya jambo moja tu: marehemu amekiri au amejitetea. Tukio libaki lilivyokuwa, kibadilike anachokiona. Akijitetea, mjane awe sauti tu inayobisha hodi. Akikiri, aingie ndani amwone anavyopima unga kwa kikombe, nusu wa leo, nusu wa kesho. Hapo msomaji atakuwa amechagua kutazama au kufumba macho, na si jambo dogo.

MamaWawili
Pole kwa babu, mwanangu. Mimi nakuomba usimwandikie msomaji "wewe, wewe" kila mstari, atahisi anahukumiwa na kijana. Sayyid Abdalla wa Pate katika utenzi wake wa Al-Inkishafi aliusemesha moyo wake mwenyewe, na mpaka leo twamsikiliza. Na yule mzee, mlimtafuta?

MwanaKibokoni
Shikamoo mama. Hatukumtafuta. Ami alisema aliyenyamaza amesamehe.

MamaWawili
Marahaba. Kunyamaza si kusamehe. Muulize muadhini wenu, watu wa maziko ni walewale. Hadithi itangoja.

MwanaKibokoni
Nimetoka huko sasa hivi, baada ya Alasiri. Nilipoutaja ule mkono tu, muadhini akamjua. Ni fundi wa majahazi, anakaa Likoni. Babu alimpa kazi ya mwisho kabla hajaugua, na malipo hakuna aliyeyaona. Kesho asubuhi navuka na feri, na ami amekubali tufuatane.