Supu gani inashika tumbo kwenye baridi hili la Makete?

MtangaMlimani
Habari za jioni wakuu. Mi ni mtu wa Tanga, nimehamishiwa Makete kikazi tangu mwezi wa tatu na sasa huu mwezi wa saba nimekoma, asubuhi natoka nje majani meupe utadhani mtu kamwaga unga. Basi kila jioni napika supu ila haieleweki, natia nyama ya steki nusu kilo, maji ya kutosha, viazi, karoti, nyanya, chumvi, ndimu, inatoka maji matupu na mafuta yanaelea juu, napiga bakuli mbili na saa nne usiku tumbo linanguruma. Juzi nikasema nichanganye na maharage, yamechemka toka saa kumi mpaka saa tatu usiku bado yanagonga meno! Nakosea wapi? Halafu kwetu presha ipo kwenye ukoo, sitaki chumvi nyingi wala mafuta.

MamaViazi
Pole mwanangu. Maharage umeyaua mwenyewe, nyanya na ndimu zikitangulia yanagoma kulainika, uchachu unatiwa mwisho kabisa, ndimu ndo kwenye bakuli. Na huko uliko ni juu sana, ukifika mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi siyo 100 kama Tanga, kwa hiyo unaona yanatokota kumbe joto halijafika. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, yachemshe peke yake mpaka yaive ndo uyaunganishe.

Steki achana nayo, hiyo ni ya kukaanga. Nunua kongoro, mwambie wa bucha akukatie vipande, lichemshe dakika kumi umwage maji yenye povu, uoshe, uanze upya na tangawizi na kitunguu saumu, moto mdogo masaa manne au zaidi. Lipike leo ule kesho. Kwa baridi hiyo asubuhi mafuta yote yameganda juu unayakwangua na kijiko, chini unakuta supu inatikisika kama jeli, huo ndo uzito unaoutafuta. Na jiko la mkaa usije ukaliingiza chumbani ukafunga mlango kisa baridi, watu wamelala hawakuamka.

Kapera_Njombe
Mama shikamoo, ila mtu anatoka kazini saa kumi na moja hayo masaa manne anayatoa wapi 😂 Mkuu tafuta presha kuka, kongoro lisaa limoja na kidogo, maharage yaliyolowekwa nusu saa, na hiyo habari ya milimani inaisha maana mle ndani joto linapanda juu ya 100. Mi siri yangu ni viazi. Vikiiva natoa kama theluthi pamoja na maharage kidogo, naponda na mwiko, narudisha sufuriani. Supu inakuwa nzito bila unga wala siagi. Njegere na kabichi dakika za mwisho, pilipili manga ya kusaga mwenyewe. Viungo vya supu vya paketi kama una presha viache, vingi vimejaa chumvi.

WaLimuru
Sisi pia huku July ni kuvaa sweta mbili. Mimi kongoro siwezi, harufu yake tu inanimaliza, mimi hutumia ndengu, zile nyinyi mnaita choroko. Kikombe kimoja, waru (viazi) tatu, karoti, dania mingi. Hazitaki kulowekwa, zinapasuka zenyewe na supu inashikana. Na ni protini hiyo, nyama si lazima.

MtangaMlimani
Nimerudi wakuu. Mama marahaba zako zote umestahili, kongoro nimelipika jumamosi kwenye mkaa nje ya jiko huku nimejifunika blanketi, jumapili asubuhi nikafunua sufuria nikakuta tabaka jeupe gumu kabisa, nimelitoa kama kifuniko! Nikapasha, nikaponda viazi kama alivyosema mkuu wa Njombe, maharage nikaweka kiduchu. Nimekula saa moja jioni, nimeamka alfajiri bado nimeshiba. Choroko nitajaribu katikati ya wiki maana hiyo ya masaa manne ni ya wikiendi tu.

Swali moja, kongoro moja kwa watu wawili linaenda siku ngapi? Mwenye nyumba kanusa harufu, leo kagonga mlango ameshika bakuli.

MamaViazi
Kwa wawili siku tatu. Kwa mwenye nyumba huyo, nunua mawili.