Mjadala: Je, wahudumu wa hospitali waambiwe ukweli wote wakati wa janga, hata ule wa vifaa kuisha?

MLETA MADA

Ndugu wadau, naomba tujadili swali ambalo huibuka kila ugonjwa mpya unapozuka na kusahaulika mara tu mlipuko unapotulia. Je, uongozi wa hospitali una haki ya kuwaficha wahudumu wake idadi ya wenzao walioambukizwa, akiba ya vifaa kinga iliyobaki stoo, na sababu halisi ya kubadilishwa kwa mwongozo, kwa hoja kwamba taarifa hizo zitazua taharuki? Wapo wanaojibu kwamba inayo, nao si watu wabaya, kwani wengi wao wamebeba dhamana ya kuhakikisha kwamba wodi haikosi muuguzi usiku. Msimamo wangu ni kwamba haki hiyo haipo, kwa sababu mtu anayeingia chumba cha mgonjwa wa kuambukiza bila kujua hali halisi hawezi kujikinga, hata akiwa amevaa barakoa.

Tutazame SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa unaosababishwa na virusi, ya mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilihesabu wagonjwa 8,096, na takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa mhudumu wa afya. Nchini Kanada na Singapore uwiano huo ulizidi asilimia 40. Mgonjwa wa SARS aliambukiza zaidi alipokuwa amezidiwa, yaani wakati ambao tayari alikuwa amelazwa, na hatari iliongezeka pale alipoingizwa mpira wa kupumulia. Mjini Toronto tahadhari zililegezwa mwezi Mei mwaka huo kwa kuamini kwamba mlipuko umekwisha, na wauguzi wa hospitali moja waliotoa hofu yao kwamba bado walikuwa wakiona wagonjwa wenye dalili zilezile hawakusikilizwa, kisha wimbi la pili likafuata. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Archie Campbell ilisisitiza kwamba hatua za busara za kupunguza hatari hazipaswi kusubiri uthibitisho kamili wa kisayansi. Nasisitiza jambo hili la wauguzi kwa sababu tunapozungumzia kuwapa wahudumu taarifa, huwa tunawaza taarifa zinazoshuka tu, ilhali wao ndio wa kwanza kuuona ugonjwa.

Dkt. Li Wenliang wa Wuhan, China, aliwatahadharisha madaktari wenzake kuhusu ugonjwa mpya tarehe 30 Desemba 2019, akaitwa na polisi siku chache baadaye na kuonywa, kisha akafariki kwa UVIKO-19 Februari 2020. Onyo lile la polisi lilikuja kufutwa, lakini wenzake walikuwa wamekwisha kupoteza siku ambazo zingewafaa.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu, nacho ni miongozo. Machi 2020 WHO ilikadiria kwamba dunia ingehitaji barakoa za kitabibu milioni 89 kila mwezi, na kila mtu alijua kwamba hazikuwepo. Mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani iliandika kwamba, ikishindikana kabisa, mhudumu anaweza kujifunga skafu usoni. Nchini Uingereza, tarehe 17 Aprili 2020, gauni za kinga zilipokaribia kwisha, mwongozo ulibadilishwa ili kuruhusu aproni na vifaa mbadala. Sipingi kwamba uhaba hulazimisha maamuzi ya aina hii. Ninachopinga ni uamuzi wa uhaba kuvalishwa sura ya uamuzi wa sayansi, kwa sababu madhara yake yanaonekana wodini. Muuguzi anayeambiwa waziwazi kwamba barakoa ya N95 (ile inayobana uso na kuchuja chembe ndogo za hewani) ndiyo inayofaa lakini zimebaki za siku mbili atapunguza safari za kuingia chumbani, atakusanya kazi kadhaa azifanye kwa mara moja, atafungua madirisha, na atakubali zilizobaki zitunzwe kwa ajili ya wanaoingiza mipira ya kupumulia. Yule anayeambiwa kwamba barakoa ya kawaida inatosha kabisa hatafanya lolote kati ya hayo, kwa kuwa amehakikishiwa usalama ambao haupo.

Hata WHO yenyewe ilitangaza tarehe 28 Machi 2020, kwa maneno ya uhakika, kwamba virusi vya UVIKO-19 havisambai kwa njia ya hewa, kisha ikachukua zaidi ya mwaka kurekebisha maelezo yake kikamilifu. Sayansi kubadilika ni jambo la heri. Kosa lilikuwa uhakika uliotolewa kabla ya wakati wake. Shirika hilohilo lilikuja kukadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 ugonjwa huo uliua wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000. Naomba tuitafakari idadi hiyo kabla hatujaendelea kuzungumzia taharuki.

MCHANGIAJI

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu miongozo, ila nina mashaka makubwa kuhusu kutangaza kila kitu. Kwanza, katika miezi ya mwanzo maelekezo yalibadilika mara kwa mara kiasi kwamba mtu anayetoka zamu ya saa kumi na mbili hakujua lipi ni la leo na lipi ni la juzi, na kumwongezea taarifa mtu wa namna hiyo ni kumwongezea mzigo. Pili, kinachosemwa hospitalini hakibaki hospitalini. Mwaka 2020 wagonjwa wa moyo na wa kiharusi katika nchi nyingi waliogopa kwenda hospitali, na wengine walifia nyumbani; habari kwamba wauguzi kadhaa wa wodi fulani wameambukizwa ingeongeza hofu hiyo. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, kuna unyanyapaa. Nchini Meksiko wauguzi walimwagiwa klorini mitaani, na nchini India walifukuzwa na wenye nyumba hadi serikali ikatunga amri maalumu ya kuwalinda. Katika wodi ya watu wachache, ukitaja idadi umekwisha kumtaja mtu.

MLETA MADA ANAJIBU

Hoja yako ya tatu ni nzito nami naikubali: jina la mhudumu aliyeambukizwa ni siri yake, na katika kitengo kidogo inafaa idadi itajwe kwa hospitali nzima. Hata hivyo, wale waliofanya naye zamu wanapaswa kuambiwa siku hiyohiyo kwamba walikuwa karibu na mtu aliyeambukizwa, kwa kuwa wanarudi nyumbani kwa watoto na wazee.

Kuhusu wingi wa taarifa, dawa yake ni mpangilio, wala si ukimya. Ukurasa mmoja kwa siku wenye tarehe, mabadiliko yakiwa yamewekewa alama, usomwe kwa sauti wakati wa kukabidhiana zamu, na usomwe pia kwa wasafishaji, walinzi, wabeba wagonjwa na wahudumu wa chumba cha maiti. Hawa mara nyingi wameajiriwa kupitia makampuni ya nje, hawana barua pepe za hospitali, na hawamo katika orodha ya mafunzo ya kuvua vifaa kinga, ilhali uvuaji ndio hatua ambayo mtu hujichafua kwa urahisi zaidi. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi walioambukizwa hawakuwa madaktari na wauguzi peke yao.

Hofu ya watu kukimbia kazi naielewa pia. Lakini Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa na ya papo kwa papo akiwa na sababu ya msingi, na mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Mfanyakazi hawezi kuitumia haki hiyo asipojua hatari iliyopo. Na anayeambukizwa bila kujua naye huondoka kazini kwa majuma, akiwa tayari amewaambukiza wenzake na wagonjwa aliokuwa akiwahudumia.

Jambo ambalo sijaliamua, na ambalo naomba wadau mlichangie, ni nani atie saini ukurasa huo wa kila siku. Mkurugenzi ana mamlaka ya kuagiza vifaa, lakini yeye ndiye atakayelaumiwa vikikosekana. Msimamizi wa udhibiti wa maambukizi anaijua hatari, lakini anaweza kuhamishwa kwa barua moja ya mkurugenzi. Mimi naelekea kwa huyu wa pili, kwa sharti kwamba asihamishwe wakati mlipuko ukiendelea bila bodi ya hospitali kuelezwa sababu.