Naomba ushauri: pudini ya ndizi ya tabaka, ya asili ni ya oveni au ya baridi?

BintiPangani:
Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Georgia, Marekani, na mwezi ujao ukoo wa mume wangu unakutana Alabama. Nimekabidhiwa pudini ya ndizi, ambayo kwa watu wa Kusini mwa nchi hii haikosekani panapokutana familia. Tabaka zake ninazifahamu: biskuti za vanila, ndizi mbivu zilizokatwa visahani, na kastadi, kisha unarudia mpaka bakuli lijae. Ubishi uko kwenye kinachoifunika juu. Mama mkwe anashikilia kuwa ya asili hufunikwa povu la ute wa mayai na sukari, ikaingia oveni mpaka ishike rangi ya dhahabu, ilhali wifi yangu huipaka krimu iliyopigwa na kuilaza kwenye friji. Naomba kujua historia inasemaje, na pia nifanye nini ili ndizi zisigeuke nyeusi wala kastadi isiwe majimaji, kwa kuwa bakuli litasafiri saa kadhaa garini.

MsomaMajarida:
Dada, karne ya 19 ndizi ilikuwa anasa huko uliko. Katika maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876 iliuzwa moja moja, ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Meli za mvuke na reli ndizo zilizoishusha bei mpaka ikafika katika majiko ya kawaida. Mwaka 1888 jarida la Good Housekeeping, ambalo lilianzishwa Massachusetts, huko kaskazini, lilichapisha pudini ya ndizi yenye tabaka za keki laini badala ya biskuti, ikamiminiwa kastadi na kumaliziwa kwa krimu iliyopigwa, kwa namna ileile ya trifle, kitindamlo cha Waingereza cha tabaka za keki, kastadi na krimu. Biskuti za vanila zinaonekana katika pishi lililotoka kwenye gazeti la The Pantagraph la Bloomington, Illinois, mwaka 1921, na hapo pia si Kusini. Baadaye kampuni ya National Biscuit Company ililichapa pishi la namna hiyo kwenye maboksi ya biskuti zake, zile zinazoitwa Nilla tangu mwaka 1967, na boksi hilo liliingia nyumba nyingi. Kwa hiyo, katika pudini hii, krimu ya wifi yako ni ya zamani kuliko biskuti ambazo wote wawili wanazitumia.

ShemejiWaMobile:
Ninaheshimu tarehe hizo, lakini sikubali kwamba zinamaliza shauri. Jarida huonyesha lini pishi liliandikwa, nayo mapishi mengi, hasa ya wapishi Weusi wa Kusini, yalipita mdomoni na mkononi kabla ya kufika kwenye karatasi. Pishi likishapikwa katika kila mkutano wa kanisa na kila nyumba ya nyama choma kwa vizazi, ni mali ya hao wanaolipika. BintiPangani, unakwenda kwa wazee wa mumeo. Mpikie mama mkwe ile anayoijua yeye.

JikoLaMwera:
Mimi nijibu la jikoni. Kastadi ya viini vya mayai na unga wa ngano huonekana imeshika ikiwa bado jikoni, halafu kesho yake ikayeyuka, kwa sababu kiini kibichi kina kimeng'enya kinachokula wanga. Dawa yake ni kuikoroga bila kuacha mpaka itokote kabisa, mapovu mazito yapasuke katikati ya sufuria, uendelee kwa dakika moja au mbili, ndipo uipue. Unga uliomo ndio unaozuia mayai yasikatike. Ndizi nazo huwa nyeusi zinapokutana na hewa. Chagua zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, zikate dakika ya mwisho, zipitishie ndimu kidogo, na kila tabaka ulizamishe lote ndani ya kastadi, usiache kipande kikichungulia juu.

BintiPangani:
Ahsanteni sana. Shemeji, ushauri wako umenigusa, nami ninaelekea kwenye povu. Je, litastahimili safari?

JikoLaMwera:
Povu halipendi kufunikwa wala kulala kwenye friji. Hutoa maji na kuteleza. Panga tabaka usiku wa kuamkia safari, uliweke bakuli kwenye friji ili biskuti zilainike, kisha ulisafirishe ndani ya sanduku la barafu, kwani maziwa na mayai hayafai kukaa kwenye joto zaidi ya saa mbili. Ute upige huko huko kwa mama mkwe. Kabla ya kuupaka, chota kastadi kidogo uliyoibakiza, ichemshe tena na uitandaze juu, kwa sababu povu likiwekwa juu ya kitu cha moto huiva kuanzia chini, na ulivute hadi ligusane na ukingo wa bakuli pande zote ili lisinywee. Chagua bakuli linalohimili oveni, na ulitoe kwenye friji mapema, lisije likapasuka kwa kutoka baridini na kuingia motoni ghafla.