Laptopu inafika nyuzi 98 nikirenda video za harusi. Nitoboe mfuniko wa chini au nisitoboe?

KameraTandika (mtoa mada)

Wakuu, habari za mihangaiko. Mimi nashuti harusi, kipaimara na maulidi, niko Tandika. Kuhariri nafanyia kwenye laptopu ya mtumba ya inchi 14, prosesa i5-8250U, RAM GB 16, niliyoichukua Kariakoo mwaka jana. Shida ni joto. Nikifungua kivinjari tu inakaa nyuzi 62. Nikianza kurenda (kuitoa video iliyokamilika), dakika mbili nyingi, iko 98, spidi inaporomoka kutoka 3.4 hadi 1.3 GHz na feni inalia kama mashine ya kusaga. Video ya dakika 12 inakula dakika 41. Juzi bwana harusi kanipigia mara nne kuulizia flashi yake, mimi nimekaa naipepea kompyuta kwa mfuniko wa ndoo kama jiko la mkaa.

Nimeona video, jamaa anatoboa matundu kwenye mfuniko wa chini, joto linashuka hadi 70. Drili ya kuazima ipo kwa fundi aluminiamu jirani. Mwingine kaniambia nibandike kipande cha shaba juu ya prosesa. Bajeti yangu elfu 50. Nitoboe?

Naomba kuwasilisha.

Mchangamfu_Pwani

Mkuu, weka pakiti ya barafu chini yake, funika kitambaa, kazi kwisha 😂

FundiGhorofaYaPili

Hilo la barafu liishie hapo hapo. Hewa ya Dar imejaa maji. Ukiweka kitu cha baridi chini ya laptopu, umande unatua kwenye bodi kama unavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nimeletewa mbili za hivyo, moja haikuamka tena.

Mtoa mada, rudisha drili ya watu kwanza. Joto linatoka kwenye chipu ya prosesa, linapita kwenye pesti (ule uji wa kupitisha joto), linaingia kwenye kibomba cha shaba, linafika kwenye mapezi (vibati vyembamba vya kutolea joto), ndipo feni inalisukuma nje. Matundu yanasaidia hapo mwisho tu. Mashine iliyotulia kuwa 62, halafu ikarukia 98 kwa dakika mbili, naweka dau njia imeziba huko ndani.

Fungua mfuniko, chomoa betri kabla hujagusa kingine. Baadhi ya hizi za maofisini zina betri mbili, ukitoa ya nje usidhani umemaliza. Toa feni. Usiishie kufuta mabawa: bandua utepe unaounganisha feni na mapezi, uchungulie katikati. Utakuta kitu kama kipande cha blanketi. Usiende kupuliziwa kwa fundi wa tairi, upepo wake una majimaji na unaizungusha feni hadi beringi inakufa. Brashi mpya ya rangi inatosha, na kijiti cha meno cha kuizuia feni isizunguke.

Skrubu za hitisinki, yaani kile kibomba cha shaba na mapezi yake, kwa kawaida zimechapwa namba pembeni. Kukaza unafuata namba, kulegeza unaanzia ya mwisho kurudi nyuma, robo mzunguko robo mzunguko. Chipu ya laptopu iko uchi, haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani, ukibana upande mmoja unaimega pembe. Pesti kavu ifute kwa spiriti ya aisopropili. Sanitaiza hapana, nyingi zina gliserini inayobaki kama mafuta. Kisha tandaza pesti mpya nyembamba, ifunike chipu yote. Pesti ya MX-4 halisi inakutosha. Ile metali ya maji wanayoisifia mtandaoni ina galiamu: inapitisha umeme na inakula aluminiamu. Tone moja likikimbilia kwenye bodi umenunua laptopu nyingine.

Kipande cha shaba ni dawa ya mashine ambazo kati ya chipu na hitisinki kuna nafasi iliyozibwa kwa pedi nene. Kama shaba ya hitisinki yako inagusa chipu yenyewe, ukichomeka kingine umeongeza tabaka la pesti na umeiinua hitisinki bure.

Sasa matundu. Ya kwangu niliitoboa mwaka 2021, kwa mbwembwe zote, matundu 60 ya milimita 4. Prosesa ikashuka nyuzi 5, nikatamba siku mbili. Ya tatu nikaona SSD (diski ya kuhifadhia) iko 74, wakati zamani haikuvuka 58. Kumbe hewa ilikuwa inaingilia mbali, inapita juu ya bodi, inapooza vingine njiani ndipo inafika kwenye feni. Mimi nimeifungulia mlango wa mkato. Nikaziba matundu yote yaliyokuwa nje ya duara la feni, SSD ikarudi 60. Halafu nikajifanya mjanja, nikabandika kipande cha chandarua kuzuia vumbi. Wiki tatu chandarua kimeziba, joto lile lile.

Na yule wa kwenye video, chumba chake kilikuwa nyuzi ngapi? Tuseme 20. Kwako Tandika mwezi wa pili ni 32. Hewa haipoozi kitu kuwa baridi kuliko yenyewe, kwa hiyo ile 70 yake hapa ni kama 82. Ukifika 82 umemfikia.

MamaMitindo_Tanga

Fundi kasema kweli. Mimi yangu ya kuchorea mitindo nimeitengenezea sanduku: feni ya sentimita 12 ya kompyuta mbovu, adapta ya ruta ya zamani ya volti 12, mbao kutoka kwa seremala. Feni inapuliza juu, kwenye matundu ya chini ya laptopu. Mwanzoni haikusaidia kitu, kwa sababu hewa ya moto inayotoka ubavuni ilikuwa inavutwa tena chini. Nikazungushia sponji la milimita 10, ile ya kuziba madirisha, hewa ya moto ikakosa njia ya kurudi. Nikapata nyuzi 7. Ila mwanangu, safisha kwanza.

KameraTandika

Wakuu nimerudi. Jumapili nimefungua. Hilo blanketi limetoka zima, rangi ya kijivu, na unywele mrefu wa mtu ambaye simjui. Pesti ilikuwa imekauka kama udongo wa mfinyanzi. Skrubu moja ya mfuniko imepotelea kwenye zulia, bado naitafuta.

Nimepaka MX-4, nimefunga, nimeweka vizibo vinne vya chupa za maji chini ya pembe ili ipate hewa. Chumba 31. Ikitulia 46. Video ile ile ya dakika 12: imesimama 83, spidi 2.5, imemaliza dakika 26. Drili nimeirudisha, jirani akaniuliza nimeifanyia nini, nikamwambia nilikuwa naiangalia tu.

Sanduku la mama wa Tanga nitalijenga mwezi huu, msimu wa harusi haujaanza. Bwana harusi kapata flashi yake. Sasa anataka ile sehemu ya keki irudiwe polepole.

Fundi, swali dogo. Utepe wa feni ulichanika wakati nabandua, nikaweka wa aluminiamu wa mafundi friji. Ni sawa?

FundiGhorofaYaPili

Utepe huo joto unalimudu. Ila unapitisha umeme, fungua uangalie kama kuna ncha inayogusa bodi. Na hiyo skrubu itafute ndani ya laptopu kabla ya kwenye zulia.