Tupeane uzoefu: nguo ikichanika unaipeleka kwa fundi au unaachana nayo?

Wakuu, habari za jioni. Fundi wa barazani mtaani kwetu Temeke sasa hivi anaishi kwa kupunguza suruali za mtumba. Wa kumletea kilichochanika ni wa kuhesabu, na jambo hili linanigusa. Nimekulia nyumba ambayo sare ya shule ilinunuliwa kubwa, pindo likaachwa nene, kila mwaka mama akalifumua na kulishusha. Kola ya shati la mzee ikichakaa, ilifumuliwa, ikageuzwa, ikashonwa tena upande mzima ukiwa juu. Leo hata nyumbani kwangu hilo halifanyiki. Kila mtu aseme yake: unarekebisha au hurekebishi, na kwa nini?

Kutoka Mbeya:
Mkuu, kwangu ni hesabu. Kubadilisha zipu fundi anataka elfu tatu, na mnadani nikichagua vizuri suruali ya mtumba naipata kwa elfu nne. Halafu kuna ile "njoo kesho". Unaenda kesho, suruali iko palepale ulipoiacha. Nikiweka na nauli, bora ninunue.

Kutoka Morogoro:
Mimi ni fundi, nawasikia. Suruali ya jinzi nzito ya pamba ikitoboka goti naiwekea kwa ndani kipande cha jinzi kuukuu, napiga cherehani kwenda na kurudi mpaka tundu linajaa nyuzi. Hiyo utaivaa tena miaka. Lakini hizi za kuvutika zikishalegea mapajani, mpira ulioko ndani ya kitambaa umekwisha, nikishona hapa inaachia pembeni. Poliesta nayo, pasi ikizidi moto kidogo inayeyuka, na lawama ni zangu. Kingine ambacho wateja hawakioni ni muda. Kiraka kizuri kinaweza kunichukua muda kuliko kushona sketi nyepesi, maana lazima nifumue kwanza, nitafute uzi wa rangi ileile, ndipo nishone. Nikitaja elfu mbili mtu ananuna. Ndiyo maana nguo yake inakaa chini ya meza, namaliza kwanza gauni jipya lenye pesa.

Kutoka Mombasa:
Kwetu leso, yaani kanga, haitupwi. Ikiwa mpya ni ya kutokea, ikipauka ya kuvaa nyumbani na kulalia, ikilainika sana inambeba mtoto au inakuwa nepi, mwisho inapiga deki. Hakuna aliyetufundisha darasani, tuliona kwa bibi.

Kutoka Mwanza:
Kwangu ni aibu, sitaficha. Nilisoma na kaptula yenye viraka viwili nyuma na nilichekwa mpaka nikawa nakaa dawati la mwisho. Sasa nina mshahara wangu, shati likitoboka kwapani nalitoa siku hiyohiyo. Najua ni upotevu. Moyo hautaki tu.

Kutoka Kigali:
Hapa mwaka 2016 ushuru wa mitumba ulipandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mitumba ilipopanda bei ndipo nilipoanza kuzijali nguo nilizonazo. Suruali za mume wangu zinakuwa kaptula za watoto.

Mwanzisha uzi:
Ahsante, dada wa Kigali. Mwaka huohuo nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikabana, wengine wakalegeza. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru. Kwa hiyo bei ina nguvu, ndugu wa Mbeya hajakosea. Ila leso ya Mombasa inanionyesha kwamba kitambaa kizuri watu hawakiachi kirahisi. Na wewe wa Mwanza, pole sana. Kicheko cha darasani hukaa na mtu muda mrefu.

Kutoka Dodoma:
Nina magauni ya vitenge, sare za harusi za watu, nimevaa mara mojamoja. Tangu nijifungue yananibana. Fundi wa Morogoro, yanapanuka?

Kutoka Morogoro:
Dada, hongera kwa mtoto. Geuza gauni, tazama mshono wa ubavuni. Ukikuta kitambaa kilichoachwa ndani kinafika upana wa kidole kila upande, mwambie fundi afumue aachie. Kikiwa chembamba, mpelekee na vipande vilivyobaki aongezee ubavuni kuanzia kwapani. Kama hukubakiza, akate kwenye pindo la chini. Na usimpelekee Ijumaa, siku hiyo tunakimbizana na nguo za sherehe.