Kaswende: nilishatibiwa, kipimo bado chanya. Naomba ushauri

Wakuu, shikamooni. Shemeji yenu ni mjamzito, tumepimwa wote wawili kliniki hapa Tanga mjini, kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni. Yeye salama, mimi kaswende.

Sasa mimi niliugua 2021 nikachomwa penisilini ya makalioni (waliowahi kuchomwa wanaijua shughuli yake) na nikapona. Jamaa yangu wa maabara anasema kipimo cha haraka kinatafuta kingamwili (askari wa mwili dhidi ya ugonjwa), na hizo zinaweza kubaki kwenye damu maisha yote hata ukipona. Cha kujua kama ugonjwa upo hai ni kipimo kingine cha damu, RPR au VDRL, tena isomwe kwa viwango: ikishuka, mfano kutoka 1:32 hadi 1:8, dawa ilifanya kazi. Shida ni kwamba maabara nyingine zinakuandikia "chanya" tu, basi.

Je, RPR ya viwango nitaipata hospitali ya Bombo au nitafute maabara binafsi huku Ngamiani? Nichome sindano kwanza au nisubiri majibu? Na mama arudie kupimwa lini kabla ya kujifungua? Sindano siiogopi, ila nyumbani sasa hivi hata chai naandaa mwenyewe, nahitaji karatasi yenye maelezo.